Jinsi ya kumgeuza Skeletor awe mwanamke bila kumrembesha (na bila kumuonea huruma)

Kila nikiambia mtu nilijitengenezea vazi la Skeletor mwanamke ananiuliza, "Ako na sura ama bado ni fuvu?" Nikisema ni fuvu unaona kabisa amesikitika, alikuwa anangoja lipstiki. Dadangu alikuwa hivyo hivyo. Alikuja kwangu Manyatta, hapa Kisumu, na kope za kubandika, wigi ya zambarau na viatu vya kisigino, akavipanga kwa kitanda kama daktari anajiandaa kupasua mtu, na tukakosana dakika kama ishirini kabla hata sijafungua rangi. Huu mwongozo ndio jibu langu kwake, ju ile siku nilikuwa na njaa nikashindwa kujieleza.

Kwa wale wadogo: Skeletor ni yule adui wa He-Man, shujaa wa katuni. Alianza kama mwanasesere wa kampuni ya Mattel mwaka 1982, alafu 1983 Filmation wakatoa katuni yenyewe, vipindi 130. Sisi tuliiona kwa kaseti ya video kwa jirani, picha ikiruka ruka, mkipigana nani akae karibu na TV. Mwili wa bluu wenye misuli, kichwa ni fuvu la manjano, kofia ya zambarau, na fimbo iliyo na fuvu la kondoo dume juu. Kazi yake ni moja, kuingia kwa ngome ya Grayskull achukue nguvu za huko ndani, na kila siku anashindwa, analaumu wafanyikazi wake, anatoroka akilalamika. Ukiwa umewahi kuwa na bosi wa aina hiyo unamjua tayari.

Kwanza, jua anataka nini, na usimbadilishie

Hapa ndio watu wengi huharibu kabla hata ya kukata kitambaa. Wakishasema "ni mwanamke" wanaanza kumtafutia sababu. Ati alikuwa mke wa mtu akaachwa. Ati alipenda He-Man akakataliwa. Ati alipoteza mtoto. Sasa wewe jiulize, Skeletor mwanaume alihitaji kuachwa na nani ndio atake ngome? Hakuna. Aliitaka tu. Basi na huyu pia aitake tu, aamke asubuhi akiitaka, alale akiitaka.

Mimi nilianza vibaya pia, nakiri. Nilisema si mimi ni mtu wa huku ziwani, wacha nitumie hadithi za nyumbani. Nikamkumbuka Nyamgondho wa kule Gwassi, yule mvuvi alivua mwanamke mzee kwa wavu wake, mwanamke akamtajirisha na ng'ombe, alafu jamaa akarudi amelewa akamtusi, na yule mwanamke akarudi zake ziwani na ng'ombe wote wakamfuata. Nikamkumbuka pia yule nyanya wa Simbi Nyaima, kule karibu na Kendu Bay, aliyefika kijijini akinyeshewa akanyimwa pa kukaa, na kijiji chote kikazama kikawa ziwa. Nikachora Skeletor akitoka majini, maji yanatiririka kwa mifupa, ilikuwa picha kali sana.

Shida ni kwamba hao wanawake wako right, samahani, wako na haki. Walikosewa. Ukiweka Skeletor kwa hiyo hadithi watu wataanza kumuunga mkono, mtoto wa dadangu wa miaka tisa aliangalia mchoro akasema "lakini si huyo mlevi ndio mbaya?" na nikajua nimepotea njia. Nilichukua kutoka hapo kitu kimoja tu, umri. Skeletor wangu ni mwanamke mzima, wa kama miaka 60, ameshazoea kusikizwa. Hiyo peke yake ilifanya kazi kuliko wigi.

Na kuna sababu ingine ya kutomrembesha ambayo ni ya kiufundi kabisa. Ndani ya hiyo katuni tayari kuna Evil-Lyn, mchawi mwanamke, mrembo, mkali, anamfanyia Skeletor kazi. Ukimpa Skeletor kiuno, midomo na macho ya kurembua umetengeneza tu Evil-Lyn wa pili na umempaka bluu. Hiyo nafasi ilishajazwa.

Jaribio la kivuli

Hii ni fupi lakini usiiruke. Stima zikipotea (Kisumu hutangoja sana) chukua tochi ya simu, simama kati ya tochi na ukuta umevaa shuka kichwani kama kofia na umeshika ufagio. Kivuli kikiwa bado ni Skeletor, endelea. Vitu vitatu ndio vinabeba kivuli chake: ncha ya kofia, mabega mapana, na pembe za fimbo. Hivyo vitatu haviguswi. Vingine vyote unaweza cheza navyo.

Ndio maana wigi ilikataliwa. Nywele zikitoka chini ya kofia zinameza mabega, kivuli kinakuwa cha mtu yeyote tu ametoka saluni. Na fuvu halina nywele jamani, hiyo ni biolojia.

Sasa watajuaje ni mwanamke?

Dadangu aliniuliza hili swali mara nne na kila mara sauti ikipanda. Jibu nilipata Kibuye, sokoni, Jumapili ambayo ndio siku yake kubwa, nikiwa nimesimama kwa wauza mitumba. Mama mmoja alikuwa amekosana na mteja. Kabla ajibu alisimama, akachukua leso yake, akaifungua, akaizungusha kiunoni akaifunga fundo moja la nguvu hapa ubavuni. Hakuwa amesema neno. Mteja akarudi nyuma hatua mbili.

Basi hapo hapo nikajua. Skeletor wa zamani anavaa kitu kama chupi ya manyoya, na mimi sivai chupi ya manyoya Kisumu, kwa hivyo nikaitoa nikaweka leso ya zambarau imefungwa kiunoni namna hiyo, ya mama anayejiandaa. Mtu yeyote kutoka Mombasa mpaka Busia akiona hilo fundo anajua huyu ni mwanamke na anajua kuna shida. Hauhitaji kifua cha plastiki.

Leso ya kweli huwa na maneno, kwa hivyo mimi yangu niliiandikia. Nilinunua leso ya zambarau, ile sehemu ya jina nikaifunika na kipande cha kitambaa cheupe, nikaandika na rangi ya kitambaa: NGOME SI YENU PEKE YENU. Watu wanaisoma, wanacheka, alafu wanaangalia juu wanapata fuvu.

Kofia na fundi

Kitambaa chukua kizito, si satini. Satini inang'aa kwa picha na inafanya akae kama mwanakwaya. Mimi nilitumia poliesta nzito ya zambarau iliyokolea, mita mbili na nusu, inatosha kofia na kipande cha mabega kinachoshuka mpaka katikati ya mgongo. Kama pesa imekaza tafuta pazia kuukuu la mtumba, mapazia yana uzito mzuri sana na yanaanguka vizuri.

Kwa fundi, usiseme Skeletor. Mimi nilisema na fundi wangu akanipimia kanzu ya mahafali. Beba picha, alafu mwambie vitu anavyojua: "nataka kofia kama ya koti la mvua, lakini iwe na ncha mbele na isianguke nyuma." Aliniuliza, "Nyathina (yaani mwanangu), hii ni ya kanisa gani?" nikamwambia ni ya mchezo, akafurahi akaniongezea kanvasi ndani ya ukingo. Hiyo kanvasi ndio siri, ile ngumu wanaweka kwa kola ya shati. Bila hiyo ukingo unalala kwa paji la uso na uso hauna kivuli. Ikiwa fundi hana, shona waya mwembamba ndani ya pindo, kisha unaukunja unavyotaka.

Mabega na kifua: patipati

Hapa nataka tukae kidogo ju nilipoteza wiki nzima.

Wazo langu la kwanza lilikuwa mifupa ya ukweli. Mnajua mgongo wazi, ile mifupa ya mbuta (sangara) inabaki viwandani wakishatoa minofu, inaletwa mtaani Obunga inakaangwa inauzwa. Nikasema huyu ni Skeletor wa Kisumu, mabega yake yatakuwa mgongo wazi, nani mwingine duniani anaye hiyo? Nikanunua mibichi, nikachemsha, nikasugua na sabuni na magadi, nikaanika juu ya paa siku tatu, nikapaka vanishi. Ilikaa vizuri ajabu, ile miiba inasimama kama taji. Nikaitembeza kidogo tu nje, saa saba mchana, jua la Kisumu likaiwasha. Harufu ilirudi yote. Paka wa ploti nzima wakanifuata, nahesabu sita, na Skeletor kwa katuni huwa na paka mkubwa wa zambarau anaitwa Panthor kwa hivyo unaweza sema ilifaa, lakini sikuwa nimepanga. Mwenye nyumba akaniuliza kama nimefungua biashara.

Kwa hivyo: chora mgongo wazi, usiuvae. Weka mfupa mmoja mezani, uangalie venye miiba inapungua kutoka kichwani kwenda mkiani, alafu ukate umbo hilo kwa raba. Raba nzuri ya bei ya chini ni nyayo za patipati (ndala), ama ile mikeka ya raba ya watoto inayoshikana kama fumbo, ile ya unene wa sentimita moja. Kisu cha kukata karatasi chenye wembe mpya, badilisha wembe mapema, ukishaanza kuvuta raba badala ya kuikata umechelewa.

Ili raba ikae na mviringo wa bega inahitaji joto. Ishike juu ya jiko la makaa, mbali kidogo kama futi moja, ikianza kung'aa na kulegea iweke juu ya sufuria iliyopinduliwa ushikilie mpaka ipoe. Usiache ifuke moshi, huo moshi ni mbaya. Kubandika tumia gamu ya fundi viatu: paka pande zote mbili, ngoja dakika kumi mpaka ikishikwa haivuti kidole, alafu ndio uunganishe, na uunganishe sawa ju haina nafasi ya pili. Fanyia nje kwenye hewa. Si utani, ile gamu inalevya na inaumiza kichwa.

Kabla ya kupaka rangi, raba inakunywa rangi kama ardhi kavu, kwa hivyo ipake kwanza gundi nyeupe ya mbao iliyochanganywa na maji kidogo, mara tatu, kila mara ikauke. Baada ya hapo rangi ya akriliki inakaa na haipasuki ukikunja mkono.

Mikanda ya kifuani inafuata mwili wako ulivyo. Ukiwa na kifua kikubwa mkanda utapita hapo na utapinda, ukiwa bila utapita bila kupinda, basi. Usitengeneze bakuli mbili za raba. Mbali na kwamba zinachekesha, zinatupa macho ya watu mahali ambapo si kwenye fuvu.

Ngozi ya bluu

Njia mbili. Ya kwanza ni nguo: taiti ya bluu na fulana ya mikono mirefu inayobana, zote mtumba. Ukikosa rangi moja nunua nyeupe za pamba uzitie rangi ya nguo ya unga, maji moto, chumvi, koroga nusu saa. Hakikisha ni pamba, poliesta inakataa hiyo rangi inatoka na madoa kama ramani. Hii ndio njia nakushauri kama utavaa kutwa nzima.

Ya pili ni kujipaka. Tumia tu rangi iliyotengenezewa ngozi. Si rangi ya ukuta, si spreyi, si maka, si ile ya watoto ya shule. Mimi niliuziwa kikopo dukani na muuzaji akaapa ni ya mwili, nikapaka mkono mzima bila kujaribu, na mpaka jioni nilikuwa najikuna kama nimelala kwa nyasi. Sasa najaribu tone moja ndani ya kiwiko siku moja kabla. Siku moja nzima, si dakika tano.

Na kitu hakuna mtu hutuambia sisi wenye ngozi nyeusi, ju mafunzo mengi ya huko nje yanafanywa na watu weupe: bluu hafifu ikipakwa juu ya ngozi yetu inakuwa kijivu, unakaa kama mtu hajapaka mafuta miezi miwili. Usihangaike kuiweka nyeupe chini mwili mzima. Chukua bluu iliyoiva, ile ya ziwa saa kumi na mbili jioni ukiwa Dunga, ipake moja kwa moja, ngozi yenyewe inakuwa kivuli chako. Inakaa vizuri kuliko ya kwenye katuni, nimesema.

Poda juu yake ukimaliza, na usikae karibu na kiti cha mtu.

Uso

Manjano ni tofauti na bluu. Manjano ni rangi nyembamba, kwa ngozi nyeusi haionekani bila msingi, kwa hivyo hapa ndio unaanza na nyeupe, tabaka moja jepesi, ikauke, alafu manjano juu. Ukiruka nyeupe utakaa kama una homa ya ini.

Kuchora fuvu usiangalie picha, tumia vidole. Gusa jicho lako mpaka upate ukingo wa mfupa unaolizunguka. Ni mkubwa kuliko unavyofikiria, unafika karibu na nyusi na unashuka juu ya shavu. Huo wote unakuwa mweusi. Pua: nyeusi kwenye ncha na kando, umbo la moyo uliopinduliwa, daraja la pua liachwe manjano. Mashavu: nyonya ndani kama unanyonya ukwaju, pale panapozama paka nyeusi ukiififisha kuelekea sikioni. Kwa nyeusi mimi natumia wanja karibu na macho ju ndio ilitengenezewa hapo, na ile rangi ya mwili kwingine kote.

Midomo ndio kila kitu. Skeletor hana midomo, ana meno. Funika midomo yako yote na manjano, hata kama inakuuma, alafu chora mstari mmoja wa katikati kutoka shavu hadi shavu, na mistari midogo ya meno inayopanda na kushuka kupita pale midomo inapoishia. Hapa ndio dadangu alinyamaza. Alikuwa ameshika ile lipstiki yake bado, akaniangalia midomo ikipotea, akasema "Ai, sasa unanitisha," na nikajua tumefika.

Malizia na nyeusi kando ya uso mpaka ndani ya kofia, shingo pia. Kofia ikikaa uso unaelea peke yake.

Fimbo

Fuvu la kondoo la ukweli unaweza kupata kwa bucha lakini tushaongea kuhusu mifupa. Tengeneza la magazeti.

Chupa ya soda ya nusu lita ni pua na taya. Mpira wa gazeti lililokunjwa saizi ya ngumi ni nyuma ya kichwa, ubandike na selotepu kwa kitako cha chupa. Pembe ni waya wa kufungia vyuma vya ujenzi, nunua mita mbili, kunja mara mbili ili ziwe ngumu, zungusha kama konokono kila upande, alafu zivishe magazeti yawe manene kwenye shina na membamba kwenye ncha. Pembe zifanye kubwa kuliko unavyoona ni sawa, ju kwa mbali zinapungua na kumbuka kivuli.

Gundi ni uji. Kikombe kimoja cha unga wa ngano, koroga na maji baridi kwanza usipate madonge, ongeza vikombe vinne vya maji, chemsha ukikoroga mpaka iwe nzito kama uji wa mgonjwa. Kijiko cha chumvi ndani ili isiote ukungu. Ikipoa chana magazeti vipande vyembamba, chana na mkono usikate na makasi kwani kingo zilizochanika zinashikana vizuri, chovya, bandika. Tabaka nne, na kila tabaka likauke siku nzima. Kati ya Machi na Mei na ile mvua, weka siku mbili, mimi niliharakisha nikapata fuvu linanuka busaa.

Mashimo ya macho kata mwishoni na kisu, paka nyeupe ya mfupa, alafu chai. Kweli, chai nyeusi kali isiyo na sukari, paka na brashi iingie kwa mikunjo, inakaa mfupa wa miaka mia.

Mpini wa mopu unatosha kwa fimbo, wa jembe ni mzito mkono utachoka saa moja. Kata mdomo wa chupa, ingiza mpini mpaka ufike kitako, funga na vipande vya kitambaa vilivyolowa gamu. Urefu: juu ya kichwa chako kidogo, ili ukiegemea uonekane unaegemea na si unashikilia.

Sauti na mwendo

Hapa una bahati. Alan Oppenheimer, aliyefanya sauti ya Skeletor kwa ile katuni, hakumpa sauti nzito ya jini. Ni nyembamba, ya puani, inakwaruza. Kwa hivyo usijilazimishe kuongea kama mwanaume, utaumiza koo bure. Ongea ukisukuma sauti puani, meno yakikaribiana (si huna midomo), na kila sentensi imalizie juu kidogo kama mtu ameudhika kwamba anaeleza tena.

Matusi yake yalikuwa ya kitoto kwa sababu ilikuwa katuni ya watoto, na hiyo ndio raha yake, mtu anataka kutawala dunia lakini anagombana na wafanyikazi kama mama wa kibanda. Tafuta ya huku: kichwa maji, akili ya kuku, zuzu wewe, nani alikutuma. Mimi nilienda kukaa steji ya Kondele saa moja nikinywa soda na kusikiza tu. Chagua mama mmoja mwenye sauti na uibe venye anavuta pumzi kabla ya kugomba.

Mkono mmoja kiunoni juu ya lile fundo la leso, mwingine kwa fimbo. Ukinyoosha kidole, nyoosha mkono wote kutoka begani. Na usitabasamu! Meno yashatabasamu.

Mahali pa picha

Skeletor anaishi Snake Mountain, kwa hivyo unataka mawe. Sisi tulienda Kit Mikayi, kama kilomita 29 kutoka mjini kwa njia ya Bondo, yale mawe makubwa yaliyopandana karibu mita 40 kwenda juu. Na jina lenyewe ni jiwe la mke wa kwanza: inasemekana mzee Ngeso alilipenda hilo jiwe akawa anashinda pangoni kutwa, mkewe akimletea chakula huko, na akiulizwa mzee ako wapi anajibu ameenda kwa mikayi wake. Skeletor mwanamke akikaa hapo hauhitaji kueleza.

Lakini pale ni mahali pa kuombea, kuna watu wa kanisa la Legio Maria na wengine huja na shida zao za kweli. Lipa kiingilio, ongea na wanaoongoza wageni kabla hujatoa rangi, waulize ni upande gani haumsumbui mtu, na fuvu lako liweke kwa mfuko mpaka ufike huo upande. Tuliambiwa tupige kwa nje tusiingie pangoni, tukatii.

Mkiwa Nakuru mna Menengai, na kwa vile Wakikuyu huuita Kirima kia Ngoma, mlima wa mashetani, kazi ni nusu imeisha. Nendeni asubuhi, upepo wa pale juu mchana unavunja pembe za uji. Wa Kakamega kuna lile jiwe linalolia la Ilesi, Ikhongo Murwi, ukisimama mbele yake na fuvu lako ukiwa umekunja mikono inakaa ni wewe umelifanya lilie.

Mpiga picha apige kutoka chini, apige magoti. Jua liwe nyuma ya bega lako. Usimruhusu atumie ile filta ya kulainisha uso, simu nyingi huiwasha zenyewe, tulipoteza picha thelathini ambazo simu ilinirudishia midomo.

Kutoa

Mafuta ya nazi ama ya mgando kwanza, sugua polepole mpaka rangi iyeyuke, futa na kitambaa kikuukuu, ndio uende kwa sabuni na maji ya uvuguvugu. Ukianza na sabuni manjano inaingia kwa vinyweleo. Macho futa kutoka ndani kwenda nje. Oga mara mbili, na mtu akuangalie nyuma ya masikio. Mimi sikuwa na mtu, dadangu alikuwa ameshachukua matatu akaenda na wigi yake, na ile bluu ya nyuma ya masikio niligundua Jumatatu kazini, saa sita, nikiwa nimeshahudumia wateja wote wa asubuhi na hakuna hata mmoja aliyesema kitu.